Mjengo Umeisha, Mteja Amekuwa "Mteja": Ukikosa Kulipwa, Nyumba Unaweza Kuishika?

Kama wewe ni mtu wa mjengo, hii story unaijua hata kabla nimalize kuisema.

Wacha tuseme uko na hadiwea pale Kinango mjini. Kontrakta mmoja mnayejuana anakuja na mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, inasimama upande wa kwenda Ndavaya. Anabeba simiti, vyuma, misumari, mabati, mzigo wote 340,000. Anatuma 100,000 kwa M-Pesa, na zingine "tutamalizana rufu ikipanda." Rufu inapanda. Lipu inapigwa. Rangi inapakwa hadi majirani wanakuja kupigia selfi hapo nje. Kontrakta naye simu ni mteja. Unapiga asubuhi, mteja. Unapiga usiku, mteja.

Unadandia boda hadi kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ile balansi ya vifaa, ni 240,000."

"Marahaba mwanangu. Lakini mimi kontrakta nilimlipa zote, meseji za benki hizi hapa. Wewe simiti nilikuagiza lini?"

Hapo unabaki umesimama kwa kivuli cha mabati yako mwenyewe, huna la kusema. Na kinachouma ni kwamba kisheria, mzee hajakosea.

Swali ambalo kila fundi na kila mwenye hadiwea hujiuliza akirudi na hiyo boda ni moja tu: kwani siwezi kushika hiyo nyumba hadi nilipwe? Ama kuzuia hilo shamba lisiuzwe? Wasee wengi wameona video za Wamarekani wakisema wameweka lieni kwa nyumba ya mteja, na mteja kalipa mbio. Basi wanafikiri huku pia kuna fomu fulani kwa ofisi ya ardhi Kwale, ni vile tu hawajaambiwa. Hiyo fomu haipo. Lakini kuna vitu vingine unavyoweza kushika, na vingi unafaa kuvishika kabla mzigo haujatoka dukani.

Hiyo lieni ni nini hasa

Lieni, kwa lugha ya mtaa, ni haki ya kushikilia mali ya mtu hadi akulipe deni linalohusu hiyo mali. Ile ya mafundi wa Marekani ilianza mwaka wa 1791 kule jimbo la Maryland. Walikuwa wanajenga mji mkuu mpya, Washington, na mafundi pamoja na wasambazaji waliogopa kuingiza jasho na mali yao kwa mjengo ambao mwenyewe anaweza kukosa pesa katikati. Kina Thomas Jefferson na James Madison walisukuma hiyo sheria ipite. Wazo lenyewe ni simpo: ukiongeza thamani ya ploti ya mtu kwa mikono yako au kwa simiti yako, basi hiyo ploti yenyewe inakudhamini. Asipokulipa, unasajili deni lako juu ya ploti. Hawezi kuiuza vizuri wala kuikopea benki kabla hajamalizana na wewe, na akikaza shingo unaweza kuomba korti iiuze.

Leo kila jimbo la Marekani lina yake. Na utamu wake uko kwa wale wa chini. Hata kama mliongea na kontrakta pekee na mwenye nyumba hakujui kwa sura, lieni inakuvusha hadi kwa nyumba. Ile kesi yetu ya Ndavaya ingekuwa California, mwenye hadiwea angekuwa na mahali pa kushika.

Ila hata huko si ya bure. California, msambazaji anatakiwa ampe mwenye nyumba notisi ndani ya siku 20 tangu aanze kuleta vifaa, amwambie "mimi ndiye naleta vifaa hapa, nijue." Florida notisi yao ni siku 45, na lieni yenyewe lazima isajiliwe ndani ya siku 90 tangu siku ya mwisho uliyofanya kazi au kuleta mzigo. Ukilala, imeenda. Kama una binamu huko anapiga rufu, muulize kalenda yake ina nini.

Kenya tulirithi sheria za Waingereza, na Waingereza hawakuwahi kuwa na hiyo lieni ya nyumba. Wao wana kanuni ya zamani kabisa: chochote kinachofungwa kwenye ardhi kinakuwa sehemu ya ardhi. Simiti ikiwa kwa gunia ni yako au ya aliyeinunua. Ikishamwagwa kwa msingi, ni ya mwenye shamba, hata kama hajui jina la duka ilikotoka. Mabati yakishapigwa misumari, vivyo hivyo.

Pili, mkataba unawafunga walioufanya. Wewe uliongea na kontrakta, deni lako ni la kontrakta. Mwenye nyumba si sehemu ya hiyo story.

Wajanja watasema, sawa, naenda kuweka kosheni, ile notisi ya kuzuia ardhi isiuzwe. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu kosheni, ndio, lakini kwa mtu anayedai haki ndani ya ardhi yenyewe: umeinunua na hujahamishiwa, una lisi, vitu kama hivyo. Deni la simiti ni deni la pesa, si kipande cha shamba. Na sheria hiyo hiyo inasema ukiweka kosheni bila sababu ya maana, unaweza kulipishwa hasara uliyomletea mwenye shamba. Yaani uende kudai 240,000 na urudi ukidaiwa wewe.

Na hata tungekuwa na lieni kama ya Marekani, Kinango ingekuwa na shida yake. Sehemu kubwa ya ardhi huku imekuwa chini ya ranchi za vikundi na ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ni ya juzi tu, 2016. Nyumba nyingi zimesimama kwa ardhi ya ukoo ambayo haina taito ya jina la mtu mmoja. Lieni utaisajili juu ya nini? Diani, ambako ploti nyingi zina hati, ingefanya kazi. Ndavaya, Puma au Vigurungani, sioni. Ndiyo maana sina haraka ya kuwapigia kelele wabunge watuletee hii kitu kopi na pesti.

Unachoweza kushika ni kilicho mkononi mwako

Hapa ndipo sheria yetu ina meno, na wengi hawajui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kukaa na mzigo hadi alipwe, mradi mzigo bado uko kwake. Hiyo ni lieni halali kabisa, na huhitaji korti kuitumia. Mteja akija na lori kubeba mabati na pesa haijaingia, unamwambia mabati yanalala hapa.

Kuna mtego lakini. Kama mlikubaliana deni la mwezi mmoja, huwezi kushika mzigo wiki ya pili eti umeingiwa na baridi. Ulimpa muda, muda ni wake. Haki inaamka muda ukiisha, au ikionekana wazi mtu ameshindwa kulipa madeni yake. Na mzigo ukishaufikisha saiti na kuupakua, hiyo lieni imekufa.

Tena kuna raha moja kwa watu wa mzigo mkubwa. Kama oda ni moja, kotesheni moja, na umepeleka nusu, ile nusu iliyobaki bado unaweza kuikalia kwa sababu ya deni la oda hiyo. Ndiyo maana ni afadhali uandike kotesheni moja ya nyumba nzima kuliko vikaratasi 14, kila siku na chake. Vikaratasi 14 vinaweza kuhesabika kama mauzo 14 tofauti.

Hata mzigo ukiwa njiani haujaisha. Umetoa lori la mawe Mazeras linapanda Kinango, na kabla lifike unapata habari kwamba mnunuzi amefilisika na hana uwezo wa kulipa mtu. Kama mawe yako kwa lori la msafirishaji na hayajafika mikononi mwake, sheria inakuruhusu uyasimamishe barabarani na kuyarudisha. Pigia dereva simu mapema.

Watu wa welding na wa mbao ndio wamekaa vizuri zaidi katika hii biashara yote. Geti likiwa kwa jua kali yako, dirisha likiwa kwa karakana yako, mlango wa mvule ukiwa umesimama hapo ukingoja vanishi, wewe ndiye umeshika usukani. Kosa lao kubwa ni huruma: mteja anasema "fundi wangu, nifungie tu geti, usiku kuna wezi, kesho nakutumia." Geti likishaingia kwa nguzo na kumwagiwa zege, karibu kwenye foleni na sisi wengine. Kama unataka kumsaidia na wezi, mkopeshe kufuli.

Na vitu vilivyoletwa kurepeawa, kama pampu ya maji, mikisa au jenereta, fundi anaweza kukaa navyo hadi alipwe gharama ya kazi. Vikiachwa kabisa kuna Sheria ya Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, inayoruhusu kuviuza. Lakini inataka notisi na mnada wa hadharani, si kumuuzia shemeji yako Jumapili jioni.

Sasa nikuambie ile kitu usiifanye. Kila mara kuna habari ya fundi amepanda juu ya nyumba usiku kung'oa mabati kwa sababu hajalipwa. Komenti hujaa "amefanya poa" na emoji za makofi. Kisheria yale mabati si yako tena, ni sehemu ya nyumba. Hiyo inaitwa kuharibu mali kwa makusudi, kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 5. Ulikuwa unadai, saa hii ni wewe uko kwa kizimba, na mteja ndiye anahojiwa na redio akilia. Hata kubaki na funguo za nyumba au kukataa kutoka saiti ni mchezo wa hatari. Uliingia kwa ruhusa ya mwenyewe, na ruhusa anaweza kuiondoa.

Jitengenezee lieni yako mapema

Kwa vile sheria haikupi kamba ya kushika nyumba, kamba yako ni mpangilio wa malipo. Kwa wale wa leba kontrakti, gawanya kazi: msingi, linta, rufu, finishing. Kila hatua ilipwe kabla hujaanza inayofuata. Hii wasee wanaijua, shida ni kuisimamia. Mteja akichelewa kidogo fundi anaogopa kusimama asije akaletewa fundi mwingine, anaendelea. Ikifika rufu deni limekuwa mlima na hana kitu cha kuzuia tena. Mimi naona kipimo kizuri ni hiki: usiwahi kuwa mbele ya pesa kwa kazi ya zaidi ya wiki moja. Kusimamisha kazi ambayo mliandikiana kwamba itasimama ikikosa malipo si ujeuri. Kama hamkuandikiana, mteja anaweza kusema wewe ndiye umevunja mkataba.

Na andika, jamani. Mkataba wa mdomo unakubalika kwa kazi za mjengo, korti haitakufukuza eti hukuandika. Ila utathibitisha vipi? Meseji ya WhatsApp inayosema "tumekubaliana leba 180,000, msingi hadi linta 90,000" na mteja akajibu "sawa fundi" inatosha kuanzia. Delivari noti isainiwe na mtu mwenye jina, nambari ya kitambulisho na tarehe. Sahihi ya "foreman" bila jina ni mapambo.

Kuna sentensi moja inayowaua watu wa hadiwea pwani yote hii. Keateka au msimamizi wa villa anakuambia, "Wewe leta tu, kontrakta asipolipa mimi nitakulipa." Unaamini kwa sababu ni mtu mzima na mnasali msikiti mmoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inasema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haiendi kortini kama haikuandikwa na kusainiwa na aliyeahidi. Ya mdomo ni hewa. Kwa hiyo akisema hivyo, mwambie vizuri tu, "sawa kaka, tuandike hapa." Ukiona macho yanatafuta mlango, umepata jibu lako.

Hiyo karatasi ndiyo ingemuokoa yule wa Ndavaya. Kabla ya kutoa mzigo wa 340,000 angetafuta sahihi ya mwenye nyumba mwenyewe: ama yeye ndiye mnunuzi, ama anaahidi kwamba kontrakta asipolipa, yeye atalipa. Mwenye nyumba akikataa, sawa, kontrakta alipe keshi. Kuna wateja utawapoteza hivi. Lakini simiti haijaondoka.

Diani na Galu jiangalie mara mbili. Mgeni asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele, Katiba ya 2010 inampa lisi isiyozidi miaka 99, na villa nyingi ziko kwa jina la kampuni. Anayekupigia simu anajiita "owner", mkataba unasema kampuni, anayetuma pesa ni mtu wa tatu. Siku ya kushtaki unamshtaki nani? Kama ni kampuni, toa CR12 kupitia eCitizen uone wakurugenzi ni kina nani. Kama ni mtu, omba kopi ya kitambulisho au pasipoti kabla ya jembe la kwanza. Mtu akisharudi zake Ulaya, kumfuata na hati ya korti ni safari nyingine kabisa.

Na kama unajiita kontrakta, NCA wanasajili kuanzia ngazi ya NCA1 hadi NCA8, na sheria yao ya 2011 inakataza kufanya hiyo biashara bila usajili. Wakili wa upande ule akikosa hoja nyingine, hiyo ndiyo ataitafuta.

"Bosi hajalipwa"

Hii ndiyo lugha rasmi ya masabkontrakta. Umepiga plamingi au waya za stima, unamfuata kontrakta mkuu anakuambia mwenye mradi hajatoa pesa, tuvumilie. Uingereza, pamoja na kukosa lieni, walishughulika na huu ujinga kwa sheria ya 1996: kipengele cha mkataba kinachosema nitakulipa nikilipwa kimekatazwa kwenye kazi za mjengo, isipokuwa yule wa juu akifilisika kabisa. Mkoa wa Ontario kule Canada tangu Oktoba 2019 wana saa inayohesabu: mwenye mradi ana siku 28 kulipa tangu apewe invoisi sahihi, na kontrakta akipokea ana siku 7 kuwalipa walio chini yake. Kama kuna kitu cha kuiga, mimi ningeiga hiyo. Haitaki taito, inataka kalenda tu.

Kenya hakuna katazo kama hilo. Ukisaini karatasi inayosema utalipwa bosi akilipwa, umejifunga. Kama haikuandikwa popote, "bosi hajalipwa" ni maelezo, si sababu. Mkataba wako ni na yeye.

Watu wa mkono wako kwa sheria nyingine

Kama umeajiriwa kwa siku, kubeba zege, kuchota maji, kupitisha mawe, wewe si msambazaji wala kontrakta. Wewe ni mfanyakazi, na Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo yako. Kibarua wa siku anafaa kulipwa mwisho wa siku. Si Jumamosi, si "tukimaliza ukuta". Na ukipiga kazi mfululizo hadi ifike mwezi mzima, sheria inakutambua kama mfanyakazi wa kawaida mwenye haki zaidi ya kibarua.

Deni la mshahara linaanzia ofisi ya leba ya kaunti, na ikishindikana linaenda korti. Mahakimu walioteuliwa wanasikiza kesi za ajira za mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo si lazima uwaze korti kubwa ya Mombasa. Muda wako ni miaka 3. Na kama fundi ndiye aliyekuleta saiti na fundi ndiye anakulipa, basi mwajiri wako ni huyo fundi, hata kama yeye mwenyewe hajalipwa. Fundi, soma hiyo sentensi mara mbili.

Mahakama ya Madai Madogo

Kwa wale wengine, hapa ndipo pa kukimbilia. Sheria yake ni ya 2016, na korti ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inachukua madai ya pesa hadi milioni 1, yakiwemo ya bidhaa na huduma, yaani hadiwea na fundi wote ndani. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kanuni za ushahidi hazijakazwa kama korti zingine, kwa hiyo stetimenti ya M-Pesa, meseji, picha za saiti na delivari noti zako zina kazi. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu isajiliwe. Haichukui kesi za umiliki wa ardhi wala za ajira, ndiyo maana nimewatenga watu wa mkono hapo juu.

Ukiwa Kinango, anzia rejista ya korti za Kwale mjini, wakuelekeze dai lako linasajiliwa kituo gani. Kabla ya hapo tuma barua ya madai: kiasi, kazi gani, tarehe, na siku ulizompa kulipa. Wengi hulipa kwa hiyo barua tu.

Chifu na wazee pia si wa kudharau. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inataka njia hizo zitumike. Ila mkikaa kwa chifu hakikisha yaliyokubaliwa yameandikwa, kiasi na tarehe, na mdaiwa amesaini. Ukitoka hapo na maneno matupu, umekunywa chai ya watu bure.

Ukishinda, hapo sasa ndipo ile ndoto ya kushika mali inarudi. Ukiwa na hukumu mkononi na mtu bado anakuzungusha, unaweza kuomba dalali akamate mali yake inayohamishika, au korti iagize benki inayoshika akaunti yake ikulipe kutoka hapo. Hata ardhi iliyosajiliwa kwa jina lake inaweza kuwekewa amri ya kuzuia isiuzwe, kisha ipigwe mnada. Tofauti na Mmarekani ni kwamba yeye anashika kwanza halafu anaenda korti. Wewe unaenda korti kwanza. Na ni mali ya mdaiwa wako unayoshika, si ya kila aliyefaidika. Kama mdaiwa ni kontrakta asiye na kitu ila simu na pikipiki ya mkopo, hukumu utaifremu.

Na ukidai serikali?

Vijana wengi wa Kwale wameingia kwa tenda za AGPO, ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu. Ukijenga darasa la chekechea la kaunti na usilipwe, sahau kabisa habari ya kushika chochote. Hata Marekani lieni haigusi mali ya umma. Wao tangu 1935 wanamlazimisha kontrakta wa kazi kubwa za serikali kuu kuweka dhamana ya malipo, ili walio chini wapate pa kudai. Hapa kwetu, Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, inakataza kukamata mali ya serikali, na kaunti zinalindwa na hiyo hiyo. Ukishinda kesi, unachukua cheti cha amri dhidi ya serikali, unakipeleka kwa afisa anayehusika, na akikaa kimya unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha alipe. Ni njia ndefu, na ndiyo maana LPO iliyosainiwa usiitoe mkononi hata kidogo. Usianze kazi kwa maneno ya afisa eti "karatasi inakuja".

Ukiwa chini ya kontrakta wa mradi mkubwa, tuseme unapeleka mchanga kwa sabkontrakta kwenye mradi kama bwawa la Mwache, unarudi kwa kanuni ile ile ya mzee wa Ndavaya: anayekudaiwa ni aliyekuagiza. Angalia yeye ana nini, usiangalie ukubwa wa bwawa.

Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka 6 tangu siku alipofaa kulipa. Lakini kuna kitu kidogo kinachosaidia sana: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa hata kipande chake, saa inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo yule kontrakta akiwasha simu siku moja na kukutumia 1,000 na maneno "niwie radhi, nyingine nakuja nayo", usimtukane kwanza. Hifadhi ile meseji ya M-Pesa, mjibu "asante, imebaki 239,000", kisha piga skrini shoti.